Ororo Bila Ngeli: Historia na Thamani ya Juzuu ya Kwanza ya Essential X-Men

Ikisiri

Makala haya yanachunguza juzuu ya kwanza ya Essential X-Men, iliyochapishwa nchini Marekani mwaka 1996 na kukusanya matoleo 27 ya katuni za kundi la mashujaa yaliyotoka kati ya mwaka 1975 na 1979. Yanaeleza mazingira ya kihistoria yaliyolizaa kundi hilo, kisha yanapima thamani ya kulisoma kama juzuu moja badala ya vipande vya kila mwezi. Hoja kuu ni kwamba ubora wa juzuu hii umo katika kumbukumbu ya masimulizi yake na katika namna inavyompa kila mhusika lafudhi yake. Na kwamba mbinu hiyohiyo ya lafudhi ndiyo inayomwacha Storm, mhusika mwenye asili ya Kenya, bila lugha. Suala hilo linajadiliwa kwa kuangalia majina, tahajia na mpaka kati ya rangi na wino.

Kundi kabla ya mwaka 1975

Katuni za mashujaa nchini Marekani zilianza na shujaa mmoja mmoja. Superman alitokea mwaka 1938, Batman mwaka 1939. Kundi la kwanza, Justice Society of America, lilikutanishwa mwaka 1940 katika toleo la tatu la All Star Comics, na mkutano wenyewe ulikuwa wa kibiashara kuliko wa kisanaa: wahusika waliokwisha kuwa na hadithi zao katika majarida mengine waliketishwa meza moja ili msomaji awaonje wote kwa bei moja. Kila mmoja aliendelea kuwa na sura yake, na kundi lilikuwa fremu ya nje tu. Mageuzi ya kweli yalikuja mwaka 1961, Stan Lee na Jack Kirby walipoanzisha Fantastic Four katika kampuni ya Marvel. Hapo wahusika waligombana, wakaoneana wivu, wakasusiana. Ugomvi wa ndani ya kundi ukawa chanzo cha masimulizi sawa na adui wa nje.

Mtafiti wa fasihi ya Kiswahili hakosi kuona kwamba tatizo la kisanaa la kundi si geni. Fumo Liyongo anasimama peke yake, na utendi unaomhusu unamfuata hatua kwa hatua. Utendi wa Tambuka wa Mwengo wa Athumani, wa mwaka 1728, una tatizo jingine: jeshi lina wapiganaji mashuhuri wengi, na mtunzi hana budi kuwagawia beti bila kumsahau yeyote na bila kuwafanya wafanane. Suluhisho la tendi ni kumpa kila mpiganaji sifa zinazorudiwa, zamu yake ya kutoka mbele ya safu, na namna yake ya kusema. Suluhisho la katuni za Marekani, kama itakavyoonekana, halikuwa mbali sana na hilo.

Toleo la kwanza la The X-Men lilitoka Septemba 1963, likiwa pia kazi ya Lee na Kirby. Wahusika wake walikuwa vijana watano, wanafunzi wa shule ya Profesa Xavier katika eneo la Westchester, jimbo la New York. Walikuwa mutanti, yaani watu waliozaliwa na mabadiliko ya jeni yanayowapa uwezo usio wa kawaida na kuwafanya waogopwe na jamii. Wazo la ubaguzi lilikuwemo tangu mwanzo, lakini lilibebwa na vijana watano Weupe, Wamarekani, wanaovaa sare moja. Mauzo hayakuridhisha. Hata uchoraji wa kuvutia wa Neal Adams katika matoleo ya mwisho haukuuokoa mfululizo huo. Baada ya toleo la 66, mwaka 1970, Marvel iliacha kutoa hadithi mpya, na kwa karibu miaka mitano jarida lilichapisha marudio ya hadithi za zamani.

Kufufuliwa

Sababu ya kufufua X-Men haikuwa ya kifasihi. Roy Thomas, aliyekuwa mhariri mkuu wa Marvel mwanzoni mwa miaka ya 1970, amesimulia kwamba wazo la kundi la kimataifa lilitokana na Al Landau, aliyekuwa akiongoza kampuni wakati huo: kukiwa na mashujaa kutoka nchi ambako katuni zingeweza kuuzwa, soko la nje lingepanuka. Kazi ilipofika mikononi mwa mwandishi Len Wein na mchoraji Dave Cockrum, hesabu hiyo ilikuwa imeyeyuka. Mmoja wa mashujaa wapya alikuwa mkulima kutoka Muungano wa Kisovieti, nchi ambayo mwaka 1975 hakuna mfanyabiashara wa katuni wa New York angeitegemea kwa mauzo.

Giant-Size X-Men namba 1 ilitoka mwaka 1975 kwa bei ya senti 50. Ndani yake Profesa Xavier anazunguka dunia kukusanya watu: Nightcrawler kutoka Ujerumani, Colossus kutoka Siberia, Wolverine kutoka Kanada, Banshee wa Ayalandi, Sunfire wa Japani, Thunderbird wa jamii ya Waapache, na Storm kutoka Kenya. Cyclops ndiye pekee wa kundi la zamani anayebaki kuwaongoza. Adui wao wa kwanza ni Krakoa, kisiwa kilicho hai. Msuko wenyewe ni mwepisi, na msomaji wa leo anaweza kuupita haraka. Kilichobaki katika historia ni orodha ya watu.

Kuanzia toleo la 94, la Agosti 1975, uandishi ulichukuliwa na Chris Claremont, kijana mzaliwa wa London ambaye angeendelea na X-Men hadi mwaka 1991. Cockrum aliendelea kuchora hadi John Byrne alipoingia katika toleo la 108, mwishoni mwa mwaka 1977, akiwa na mtia wino Terry Austin. Juzuu ya Essential inaanza na Giant-Size namba 1, inapitia matoleo ya 94 hadi 119, na kuishia Machi 1979. Kwa hiyo msomaji anapata ndani ya jalada moja kipindi chote ambacho kazi iliyokuwa karibu kufa ilijijenga upya, kabla haijawa maarufu. Hilo peke yake ni jambo la thamani kwa mwanahistoria. Mikusanyo mingine maarufu zaidi, kama ule wa mwaka 1984 uliokusanya kisa cha Dark Phoenix, huanzia pale ambapo waandishi wameshajua wanachokifanya. Hii inawaonyesha wakijifunza.

Kumbukumbu ya juzuu

Katuni ya jarida huandikwa kwa msomaji ambaye huenda hakusoma toleo lililopita. Kwa hiyo kila toleo humtambulisha kila mhusika upya: jina lake, uwezo wake, huzuni yake. Anayesoma matoleo 27 mfululizo atakutana na maelezo ya macho ya Cyclops na makucha ya Wolverine mara nyingi kiasi cha kuchosha. Wahakiki wengi huhesabu jambo hili kuwa dosari ya mikusanyo ya aina hii, na lalamiko lao lina msingi. Lakini mtu aliyelelewa na tendi anaweza kulisikia tofauti. Takriri ya sifa katika utendi haimpi msikilizaji habari mpya. Humpa fanani mahali pa kupumzika na hadhira mahali pa kumtambua mhusika. Katika juzuu hii takriri inafanya kazi hiyo hasa pale inapobadilika kidogo. Sifa ya Jean Grey inayorudiwa katika matoleo ya mwanzo haiwezi kurudiwa vilevile baada ya toleo la 101, anapotoka majini akiwa Phoenix, na msomaji wa juzuu anauhisi ufa huo ndani ya kanuni iliyozoeleka. Msomaji wa jarida, aliyesubiri miezi miwili kati ya toleo na toleo, hakuwa na nafasi ya kuuhisi kwa namna hiyo.

Faida kubwa zaidi ni ya mbegu na mavuno. Mfano bora ni wa Storm mwenyewe. Toleo la 102, la Desemba 1976, linampeleka ndani ya ngome ya kale nchini Ayalandi, mahali penye kuta nyembamba, na ghafla anashindwa kupigana. Hapo ndipo utoto wake unaposimuliwa: mama yake Mkenya, baba yake Mmarekani Mweusi mpiga picha za habari, nyumba yao ya Cairo kuangukiwa na ndege wakati wa vita vya Suez, mtoto kufukiwa chini ya kifusi kando ya maiti ya mama yake, kisha maisha ya wizi katika mitaa ya jiji hilo. Simulizi hilo linaeleza woga wake wa mahali pa kubana, na lingeweza kuishia hapo. Lakini katika toleo la 113 kundi zima limefungwa na Magneto, miili yao imelegezwa na kuwa kama ya watoto wachanga, na anayewafungua ni Storm, kwa vifaa vidogo vya kufungulia kufuli alivyovificha katika taji lake, akivitumia kwa meno. Hakuna radi wala upepo. Ufundi wa mtoto mwizi wa Cairo ndio unaowaokoa mashujaa. Kisha katika toleo la 117 Cairo inarudi tena, safari hii kupitia macho ya Xavier kijana, ambaye anaibiwa na msichana mdogo mwenye nywele nyeupe bila kujua ni nani.

Matukio hayo matatu yalitenganishwa na zaidi ya miaka miwili ya uchapishaji. Ndani ya juzuu yametenganishwa na jioni mbili za kusoma. Hapa ndipo hoja ya kuitetea juzuu kama umbo la kifasihi inapopata nguvu zake, kwa sababu muundo huo haukuwa ukionekana waziwazi hadi ulipokusanywa. Vilevile kifo cha Thunderbird katika toleo la 95, ambacho wakati wake kilionekana kama hila ya kushtua wasomaji, kinapata uzito kwa jinsi kundi linavyoendelea kukibeba. Ingawa, ni vigumu kutotaja kwamba aliyeuawa upesi hivyo ndiye mwenyeji pekee wa asili wa Amerika, na kwamba Sunfire, Mjapani, alikuwa ameshaondoka. Kundi la kimataifa lilianza kupungua mara tu lilipoanza.

Wino bila rangi

Juzuu za Essential zilichapishwa kwa wino mweusi juu ya karatasi duni ili ziuzwe kwa bei ndogo: zaidi ya kurasa 500 kwa gharama ambayo mwanafunzi angeimudu. Bei hiyo ilipatikana kwa kuondoa rangi. Kwa upande wa mistari, hasara si kubwa kama inavyodhaniwa. Wino wa Austin juu ya penseli ya Byrne unaonekana vizuri zaidi bila rangi kuliko ulivyoonekana katika majarida ya awali yenye vitone vya rangi vilivyokaa nje ya mipaka. Nightcrawler, ambaye tangu mwanzo alichorwa kwa vivuli vizito, hapotezi kitu. Colossus anang'aa kwa mistari ya chuma chake.

Storm ni jambo lingine. Katika katuni za kipindi hicho ngozi ya mhusika Mweusi haikuwa kazi ya mchoraji wala mtia wino. Iliachwa kwa mpaka rangi. Mchoraji alichora uso kwa mistari michache, mtia wino akaipitia, na nafasi iliyobaki ikasubiri kahawia. Rangi inapoondolewa, nafasi hiyo inarudi kuwa nyeupe ya karatasi. Uso wa Storm katika juzuu ya mwaka 1996 una weupe uleule wa uso wa Jean Grey, na kinachomtofautisha ni nywele, ambazo nazo ni nyeupe. Hakuna aliyekusudia hivyo. Ni tokeo la mgawanyo wa kazi kiwandani. Lakini tokeo hilo linafichua jambo ambalo rangi ililificha: Uafrika wa mhusika huyu ulikuwa umebebwa na tabaka moja tu la utengenezaji, la mwisho na la bei ndogo kuliko yote. Swali linalofuata ni la kiisimu. Je, likiondoka tabaka hilo, lugha yake inaweza kumtambulisha?

Kenya isiyo na Kiswahili

Claremont ni mwandishi wa sikio. Mbinu yake kuu ya kugawa nafasi kwa wahusika wengi ni kumpa kila mmoja alama ya usemi, kiasi kwamba msomaji anaweza kufunika picha na bado akajua nani anasema. Nightcrawler hushtuka kwa Kijerumani. Colossus huwaita wenzake kwa neno la Kirusi la urafiki na humtaja Mungu kwa Kirusi. Banshee ana Kiingereza cha Ayalandi chenye tahajia ya matamshi. Wolverine hukata maneno na kuwaita watu kwa dharau ya mitaani. Mtu anaweza kusema, kwa haki, kwamba Kijerumani na Kirusi hicho ni cha kamusi ya msafiri, na kwamba hakuna mtu anayezungumza lugha ya pili kwa ufasaha halafu akarudi kwenye lugha yake kwa maneno rahisi kuliko yote. Wanaisimu wanajua kwamba kubadili msimbo hakuendi hivyo. Hata hivyo mbinu inafanikiwa kisanaa. Inampa kila mhusika nyumbani kwake, mahali ambapo mdomo wake unarudi anapoumia.

Storm hana mahali hapo. Alama yake ya usemi ni urasmi: Kiingereza kisichofupishwa, sentensi kamili, na kiapo kwa mungu wa kike asiye na jina. Hakuna neno la Kiswahili lililofanywa alama yake, wala la Kiarabu cha Cairo alikokulia, wala la lugha nyingine yoyote ya Kenya. Urasmi huo una hadhi, na baadhi ya wahakiki wameusifu kwa kumwepusha na Kiingereza kilichovunjikavunjika ambacho wahusika wa Kiafrika walipewa katika vitabu na filamu za zamani. Sifa hiyo inastahili kutolewa. Lakini urasmi ni usemi wa mtu aliyejifunza lugha ya watu wengine kwa uangalifu, na juzuu haisemi popote alikuwa akisema nini kabla ya kujifunza.

Jina lake ni Ororo. Maelezo ya kawaida ya jina hilo miongoni mwa wasomaji wa X-Men ni kwamba maana yake ni uzuri. Mzungumzaji wa Kiswahili analisikia mara moja, na analisikia likiwa pungufu. Kiswahili kina shina la kivumishi -ororo, lenye maana ya laini, tena laini ya kugusika: ngozi nyororo, moyo mwororo, na katika nomino, wororo. Ni shina linaloanza na irabu, na kama vivumishi vyote vya aina yake halisimami bila kiambishi cha ngeli. Ororo tupu si neno ambalo mzazi angemwita mtoto. Ni neno linalosubiri kichwa chake. Nchini Nigeria, katika Kiyoruba, umbo linalokaribiana na hilo hutaja mafuta ya kupikia. Haidhaniwi hapa kwamba waundaji wa mhusika walifungua kamusi ya Kiswahili na kusahau kiambishi. Kilicho wazi ni kwamba jina lilichaguliwa kwa mlio, na kwamba mlio ulikidhi haja yao. Kwa bahati tu umefika karibu na lugha halisi, na ukaribu huo ndio unaoufanya upungufu usikike.

Tahajia ya mama yake inaeleza zaidi. Katika marejeo ya mfululizo huu anaitwa N'Daré. Katika maandishi ya Kiswahili alama ya ritifaa ina kazi moja ya kifonolojia, kutofautisha ng' ya ng'ombe na ng ya ngoma. Alama juu ya irabu haipo kabisa. Ritifaa ya N'Daré haitofautishi sauti yoyote. Lakini inafanana na nyingine. Mwaka 1966 Lee na Kirby walikuwa wamemuumba T'Challa, mfalme wa Wakanda. Na ndani ya juzuu hii hii, Claremont na Cockrum wanaanzisha himaya ya anga za mbali iitwayo Shi'ar, ambayo kito chake cha kutisha kinaitwa M'Kraan. Alama ileile inamtambulisha binti wa kifalme wa Kenya na viumbe wa sayari nyingine. Kwa mfumo wa majina wa juzuu hii, Kenya na anga za mbali ziko upande mmoja wa mpaka, na Ujerumani, Urusi na Ayalandi ziko upande wa pili, ule wenye lugha.

Hali hiyo inaonekana pia katika mandhari. Kenya ya Giant-Size namba 1 ni nyika yenye ukame na watu wasio na majina wanaomwomba Storm mvua kama mungu. Xavier anamweleza kwamba yeye si mungu bali mutanti, na anamwondoa. Mwaka mmoja kabla ya toleo hilo, Rais Jomo Kenyatta alikuwa ameagiza Kiswahili kitumike katika Bunge la Kenya. Nairobi ilikuwa na magazeti, na katika Taifa Leo wasomaji walikuwa na katuni yao, Juha Kalulu ya Edward Gitau, iliyokuwa ikichekesha kwa Kiswahili siku zote. Si haki kumtaka Len Wein wa New York ayajue hayo yote kwa kurasa chache alizokuwa nazo. Lakini hata suala la mvua, ambalo alilichagua mwenyewe, lina historia. Katika nchi ya Wanyore, magharibi mwa Kenya, watu wa ukoo wa Nganyi wanajulikana kwa elimu ya mvua inayorithiwa, inayosoma miti, wadudu na ndege, na inayomfunga mwenye elimu kwa wajibu mbele ya jirani zake. Mleta mvua hulaumiwa mvua isiponyesha. Ni mtu mwenye ukoo, deni na umri. Mungu wa kike asiye na watu wa kwao ni wazo dogo kuliko hilo, na pengine ndiyo maana hadithi inaweza kumng'oa mahali pale kwa fremu chache bila yeyote kulia.

Maelezo ya baadaye yanamtaja kuwa alitembea kutoka Cairo hadi nyanda za Serengeti, ambazo kwa sehemu kubwa ziko Tanzania. Kosa hili halihitaji makala.

Baada ya toleo la 119

Itakuwa kinyume cha historia kumhukumu Storm kwa juzuu hii peke yake. Mwaka 1980, Cyclops alipoondoka, yeye ndiye aliyepewa uongozi wa kundi, na mwanamke Mweusi kuongoza kundi la mashujaa katika katuni iliyokuwa miongoni mwa zilizouzwa sana Marekani halikuwa jambo dogo. Mwaka 1984 alinyang'anywa uwezo wake na akaendelea kuwa na hadhi bila huo. Mwaka 1985, katika toleo la 198 lililochorwa na Barry Windsor-Smith, Claremont alimrudisha Afrika akiwa mtu wa kawaida, na safari hii wenyeji wana mila, hoja na huzuni zao. Mwaka huohuo Marvel ilitoa Heroes for Hope, toleo la X-Men lililochangisha fedha kwa ajili ya waliokumbwa na njaa barani Afrika. Msomaji wa juzuu ya Essential anayajua haya au atayajua, na Storm anayemwona katika kurasa hizi ni mbegu. Ubora wa mfululizo mrefu ni kwamba unaweza kurudi pale ulipokosea. Filamu ya Black Panther ya mwaka 2018, kwa kuwapa watu wa Wakanda lugha ya Kixhosa, ilirekebisha kwa namna yake upungufu ulioachwa na ritifaa ya mwaka 1966. Kwa nini lugha ya kusini ipewe nchi ambayo katuni nyingi zimeiweka mashariki ni mjadala mwingine.

Swali la mfasiri

Thamani ya juzuu kwa wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili inaonekana wazi zaidi mtu anapojaribu kuitafsiri, hata kwa majaribio ya darasani. Sehemu nyingi zinakubali. Lafudhi ya Banshee inaweza kupata lahaja. Ukali wa Wolverine unaweza kupata mkato wa usemi wa mtaani. Storm, Tufani, ndiye anayemfunga mfasiri. Urasmi wake katika Kiingereza ni alama ya ugeni, lakini katika Kiswahili urasmi uleule unageuka kuwa Kiswahili sanifu cha mtu aliyesoma, na mtu asiye na lugha anakuwa, kwa ghafla, ndiye mwenye lugha kuliko wote mezani. Cyclops na wenzake ndio wanaohitaji kujifunza. Jina lake litalazimika kuchukua ngeli, au kuachwa kama lilivyo na msomaji ajue kwamba ni la kigeni katika nchi yake mwenyewe.

Kisha kuna fremu za mwanzo kabisa, za watu wanaoomba mvua. Katika matini asilia ombi lao ni Kiingereza kisicho na mahali. Mfasiri hawezi kuliacha hivyo. Lazima aamue ni wazee au vijana, wanamwita mama, binti au mwanetu, wanaomba kwa unyenyekevu wa dua au kwa manung'uniko ya watu wanaomdai. Kiambishi na neno la kuitana vinamlazimisha kuwapa watu hao umri, ukoo na uhusiano na huyo aliye juu yao, vitu ambavyo fremu hazina. Akichagua mwanetu, ukurasa unaofuata, ambapo mgeni kutoka Westchester anakuja kumchukua, unahitaji jibu la wazee hao, na hakuna kiputo kilichoachwa kwa ajili yake.